Samivel: Mchoraji aliyewacheka wapanda milima, akaitetea milima

Picha ya kuchekesha huchukua dakika moja kuitazama, lakini yaweza kubeba hoja nzito kuliko hotuba. Katika makala haya tunamwangalia Samivel, Mfaransa aliyetumia maisha yake kuchora watu wanaopanda, wanaoteleza na wanaoanguka kwenye milima ya Alps. Tunaeleza pia jinsi vichekesho vyake vilivyogusa swali ambalo kila mwanakijiji analijua: ardhi hii ni ya nani, na itumiweje?

Samivel ni nani?

Jina lake halisi ni Paul Gayet-Tancrède. Alizaliwa Paris mwaka 1907 na kufariki Grenoble, mji uliozungukwa na milima, mwaka 1992. Jina la Samivel alilitoa katika riwaya ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, ambamo mzee mmoja humwita hivyo mwanawe Sam. Alikuwa mchoraji, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, na mwenyewe alikuwa mpanda milima. Kwa hiyo aliowacheka walikuwa wenzake.

Kuteleza kwenye theluji

Alps ni safu ya milima inayopita Ufaransa, Uswisi, Italia, Austria na nchi nyingine jirani. Aliyewahi kuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro kwa mbali, afikirie weupe huo ukishuka hadi kwenye mapaa ya nyumba na milango ya mazizi. Ndivyo baridi kali inavyokuwa kwa miezi kadhaa huko.

Mtelezaji hufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, hushika fimbo mbili mikononi, kisha hujiachia kwenye mteremko. Zamani, hasa katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, huo ulikuwa usafiri wa kawaida wa wawindaji na wanakijiji. Baadaye ukawa mchezo. Mwaka 1924 michezo ya kwanza ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanyika Chamonix, Ufaransa. Samivel alikuwa na miaka 16.

Watu wa mjini walianza kumiminika milimani na mizigo yao, kamba zao na majivuno yao. Hao ndio aliowachora. Mwaka 1932 alitoa kitabu cha michoro ya kuchekesha ambacho jina lake lina maana ya "chini ya jicho la kunguru wa milimani". Jina peke yake linachekesha: mtu ametoka jasho tangu alfajiri akifika kileleni, na huko anamkuta ndege mweusi ambaye amepanda kwa kupiga mabawa tu.

Kichekesho kinavyotengenezwa

Anayechora theluji ana bahati moja: karatasi tayari ni nyeupe. Samivel aliiacha karatasi kubwa ikiwa tupu, akaongeza mistari michache ya kuonyesha ukingo wa mlima, kisha akaweka watu wadogo kama sisimizi. Kicheko kinatokana na tofauti hiyo. Mtu anajiona shujaa, mlima hata haujamwona.

Weupe huo una faida nyingine: theluji hutunza alama. Mfano maarufu ni mchoro wa Mmarekani Charles Addams, uliochapishwa katika jarida la The New Yorker mwezi Januari 1940. Mtelezaji anashuka mlimani. Nyuma yake kuna mti, na alama za mbao zake zimepita moja kushoto na nyingine kulia kwa mti huo, kana kwamba mti ulipita katikati ya mwili wake. Mchoro hautoi maelezo yoyote. Msomaji anaachiwa afumbue mwenyewe.

Kicheko kilipokuwa hoja

Kuanzia miaka ya 1960, serikali ya Ufaransa ilisukuma mpango mkubwa wa kujenga miji ya kitalii kwenye miinuko ya juu. Zilijengwa hoteli, barabara na nyaya za kupandisha watelezaji. Tusiufiche upande wa pili: mpango huo ulileta ajira, na vijana wengi waliokuwa wakikimbilia mijini walipata kazi nyumbani. Lakini malisho ya ng'ombe yaligeuka viwanja, na sura ya milima ikabadilika.

Mwaka 1963 ilianzishwa Vanoise, hifadhi ya taifa ya kwanza Ufaransa. Lengo kubwa lilikuwa kumwokoa mbuzi mwitu wa Alps mwenye pembe ndefu zilizopinda, ambaye katika eneo hilo alikuwa amebaki kwa makumi machache tu. Samivel alichora mabango ya hifadhi na kuandika maneno ya kuwapokea wageni, akiwakumbusha kwamba uhuru wa milimani unakwenda na adabu. Mwaka 1967 alitoa riwaya kuhusu kijiji cha milimani kinachoangamizwa na mwekezaji wa utalii.

Miaka miwili baadaye jambo kama hilo lilitokea kweli. Mwaka 1969 ulipelekwa mradi wa kujenga mji wa watelezaji ndani ya sehemu ya Vanoise. Watu wengi kote nchini walipinga na kutia saini. Mwaka 1971 Rais Georges Pompidou aliamua hifadhi ibaki kama ilivyo. Hatusemi kwamba michoro ndiyo iliyoshinda. Walioshinda ni wananchi waliokataa kunyamaza. Lakini mtu hutetea anachokipenda, na Samivel alikuwa amewafundisha watu wengi kuipenda milima huku wakicheka.

Leo mbuzi hao huko Vanoise ni zaidi ya elfu moja.

Ukikutana na mchoro wa Samivel kwenye simu yako, usikimbilie kuupita. Ukuze, kisha mtafute binadamu yuko wapi. Mara nyingi utamkuta pembeni, mdogo sana, bado anahangaika na kamba yake.