Bangi kwa maumivu sugu: je, kuna kibali Tanzania?

Msikilizaji, swali hili huulizwa sana huku kwetu, kuanzia milima ya Umatengo hadi mwambao wa Nyasa: mgonjwa mwenye maumivu yasiyoisha anaweza kupata kibali cha kutumia bangi kama dawa? Jibu fupi ni hapana. Lakini dawa kali ya maumivu inayoruhusiwa nchini ipo, na njia ya kuipata ipo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi. Hakuna daktari mwenye mamlaka ya kukuandikia bangi, wala ofisi inayotoa kadi ya mgonjwa. Anayekuuzia "kibali" anakutapeli.

Mbona Malawi wameruhusu?

Februari 2020 Bunge la Malawi lilipitisha sheria inayoruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda. Ruhusa hiyo ni kwa wenye leseni tu, si kwa kila mtu kuvuta au kulima nyuma ya nyumba. Na leseni ya Malawi haivuki ziwa. Ukishusha mzigo Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, uko chini ya sheria ya Tanzania, hata kama unampelekea mama mgonjwa.

Bangi inaondoa maumivu kweli?

Wapo wagonjwa wanaosema wamepata nafuu, na nchi kadhaa zimeruhusu dawa zitokanazo na bangi chini ya daktari. Jimbo la California, Marekani, lilianza mwaka 1996. Hata hivyo, mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilisema ushahidi uliopo hautoshi kuunga mkono matumizi yake kwa maumivu kwa ujumla. Tena bangi ya mtaani haina kipimo: huwezi kujua ukali wake wala kilichochanganywa ndani.

Dawa iliyoruhusiwa ni ipi?

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilielekeza matibabu ya maumivu ya saratani kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni dawa kama parasetamo. Ya pili ni dawa za nguvu ya kati, kama kodini. Ya tatu ni mofini, ambayo hutolewa pia kama dawa ya maji ya kunywa. Mofini nayo inadhibitiwa na sheria, lakini ni halali ikiandikwa na daktari na kutolewa hospitalini.

Si kila maumivu yanahitaji mofini. Mgongo wa mtu aliyelima ngoro miaka 30, au bega la mvuvi, mara nyingi husaidiwa na mazoezi ya viungo na dawa nyingine. Usimeze diklofenaki ya dukani kila siku kwa miezi. Inaweza kuumiza tumbo na figo.

Hatua za kufuata

1. Anza zahanati au kituo cha afya. Eleza maumivu yalianza lini, yako wapi, na kama yanakunyima usingizi. Yapime kwa namba, kuanzia 0 hadi 10.
2. Taja dawa zote ulizotumia, pamoja na mitishamba. Kama umetumia bangi, mwambie daktari. Anahitaji kujua ili asikuchanganyie dawa vibaya.
3. Nafuu isipopatikana, omba barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi.
4. Huko uliza wazi: "Kuna huduma ya tiba shufaa?" Hiyo ni huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa wa ugonjwa mzito. Kama haipo, uliza inapatikana wapi.
5. Ukipewa mofini, fuata saa ulizoandikiwa; usisubiri maumivu yarudi. Uliza pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo. Ifungie mbali na watoto, usimgawie mtu mwingine, na inayobaki irudishe hospitalini.

Mofini ni dawa ya kufia?

Hapana. Wapo wanaoitumia huku wakiendelea na matibabu. Ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa na daktari, hofu ya kuwa mlevi isimzuie mgonjwa wa saratani kupata nafuu. Ila akisinzia kiasi cha kutoamka, au akipumua polepole kupita kawaida, mkimbizeni hospitali.

Usisubiri

Nenda hospitali mara moja ikiwa maumivu ya mgongo yanaambatana na miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo. Uvimbe unaokua, au kukonda bila sababu, navyo visikae nyumbani. Maumivu sugu hayapimwi kwa uvumilivu wa mgonjwa. Aliyezoea kunyamaza, msindikize, na umsaidie kusema.