Gamba la Seli: Historia ya Paneli Nyepesi za Sola kwenye Magari

Seli ya sola ya silikoni, yaani kipande chembamba kinachogeuza mwanga kuwa umeme, ilitangazwa na maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1954, na mwaka uliofuata William Cobb wa kampuni ya General Motors akaonyesha mjini Chicago kigari cha mfano kilichoendeshwa na seli 12 za seleni badala ya silikoni. Tangu hapo seli zimeendelea kuboreshwa, lakini swali la namna ya kuzifunika ili zihimili safari limechukua muda mrefu zaidi kupata jibu.

Silikoni huvunjika upesi, na kwa sababu hiyo paneli za nyumbani hulindwa kwa kioo, ambacho hakipitishi unyevu wala hakichakazwi na jua. Hata hivyo, kioo cha unene wa milimita 3.2 kina uzito wa kilo 8 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao gari hulazimika kuubeba kila liendako. Mwaka 1987, gari la Sunraycer liliposhinda mashindano ya magari ya sola ya kutoka Darwin hadi Adelaide nchini Australia kwa wastani wa karibu kilomita 67 kwa saa, wepesi ulionekana kuwa na thamani kubwa. Lakini gari la mashindano huhitaji kudumu kwa siku chache tu, ilhali gari la kawaida hukaa juani kwa miaka mingi.

Plastiki iliyochukua nafasi ya kioo ilileta matatizo yake. Miale ya urujuanimno huigeuza rangi ikawa ya manjano, unyevu hupenya na kuibandua gundi inayoshikilia tabaka za paneli, na joto huitanua mara nyingi zaidi ya silikoni, hivyo nyaya zinazounganisha seli huvutwa kila siku kukicha hadi zikatike. Mtikisiko wa barabara nao hukuza nyufa zisizoonekana kwa macho. Tiba zilitoka pande kadhaa: plastiki yenye florini, ambayo huhimili jua, ubao mwembamba wa faibaglasi nyuma ya paneli, unaozuia seli zisipindwe kupita kiasi, na seli za SunPower, zilizotumika katika gari la Honda Dream lililoshinda mashindano hayo ya Australia mwaka 1993, ambazo viunganishi vyake vyote viko upande wa nyuma, hivyo havivutwi sana.

Biashara haikwenda kwa kasi ya ufundi. Kampuni ya Sono Motors ya Ujerumani, iliyobuni gari lenye paneli za plastiki badala ya kioo, iliachana na gari hilo Februari 2023 na kugeukia mabasi na malori, ambayo mapaa yake ni mapana na bapa. Hata sasa paneli za kioo huuzwa kwa dhamana inayoweza kufikia miaka 25 au zaidi, huku nyingi za zile za plastiki zinazopindika zikipewa miaka michache tu, na tofauti hiyo ndiyo inayompa mwenye gari kipimo cha wazi cha kazi iliyobaki.