Muhogo wa Ealing Road

Kamati ya jarida ilituomba tuandike kuhusu mahali tunapopenda kwenda kula hapa London. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Tukakaa watano, kila mmoja akataja pake, na nusu saa haikwisha tulikuwa tumeshagombana. Mwenzetu aliyezaliwa East Ham kwa wazazi wa Unguja alishikilia kwamba hakuna mkahawa London nzima unaopika kama kwao, kwa hiyo mahali pake ni nyumbani kwa mama yake mdogo, na wasomaji hawajaalikwa. Mwenzetu mwenye asili ya Lubumbashi alitaka tuandike juu ya bukari na samaki wa Tottenham. Ndipo mmoja akauliza: mbona sote, tukiwa na pauni 10 mfukoni na hamu ya chakula cha nyumbani, tunaishia Wembley kwa Wahindi? Hatukuwa na jibu. Makala haya yametokana na kulitafuta.

Kwa wasiopajua: panda treni ya Piccadilly, shuka Alperton, na ukitoka tu kituoni uko Ealing Road. Tembea kuelekea Wembley. Utapita maduka ya sari, ya dhahabu, na ya mboga zilizopangwa nje hadi njiani. Halafu anza kusoma vibao na menyu. Katikati ya vyakula vya Kigujarati utakutana na neno mogo: mogo wa kukaanga, mogo wa pilipili, mogo wa kitunguu saumu. Kwenye majokofu ya maduka umo ndani ya mifuko, umemenywa na kukatwakatwa, umeganda kama jiwe. Mzungu anayepita hudhani mogo ni neno la Kihindi. Na vijana wa Kihindi waliozaliwa hapa wapo wanaodhani hivyo hivyo. Tuliwauliza wanafunzi wenzetu wawili kutoka Harrow, nao wakashangaa kusikia kwamba hata sisi tunalijua. Mogo ni muhogo. Neno limepoteza silabi moja njiani, na ukiifikiria safari yenyewe, silabi moja si hasara kubwa.

Muhogo wenyewe, kwanza, si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioutoa Brazil wakauleta Afrika. Leo nani angeamini? Coco Beach, Dar es Salaam, watu hula muhogo wa kukaanga kwa kachumbari na pilipili huku wanatazama bahari. Mombasa, pale Lighthouse, magari hujipanga jioni, watu wakanunua muhogo wa kuchoma uliotiwa pilipili na ndimu, na kachiri, na dafu la kushushia. Familia nyingi za Kihindi za Mombasa zilikuwa na desturi ya kwenda pale kupunga upepo mwisho wa wiki. Hata leo, ukimtajia Lighthouse mzee wa Wembley aliyekulia Mombasa, vuta kiti kabisa, hutoki mapema.

Wahindi walifikaje huko? Jibu tulilofundishwa ni reli, na ni nusu ya jibu. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India wajenge reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalimika walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na 6,700 hivi tu ndio waliokaa. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo Unguja tangu enzi za masultani, kabla reli haijaota hata kwenye karatasi, na wengi wa waliofungua maduka bara walikuja kwa nauli zao wenyewe kutoka Gujarat na Kutch. Wapunjabi ndio waliokuwa wengi miongoni mwa mafundi wa reli. Tunaomba muikumbuke tofauti hii ndogo. Itatufaa tukifika Southall.

Wakakaa, na maneno yakaanza kuazimana. Sisi tulichukua chapati, bajia, achari, kachumbari, gari, laki, bima. Wao wakachukua sufuria, kisu, fagio, kuku, machungwa, na jugu, yaani njugu. Mwanzoni tulifurahia orodha hizi mbili, tukaziandika ubaoni kwenye mkutano wa chama, kila mtu akiongeza lake. Kisha mwalimu mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akatuuliza kama tumeona maneno yao yanatoka chumba gani. Tukaangalia tena. Sufuria, kisu, fagio, kuku. Karibu yote yanatoka jikoni. Ni maneno ambayo mwenye nyumba aliyahitaji ili azungumze na mpishi wake, na mpishi huyo mara nyingi alikuwa Mwafrika.

Nairobi ya mkoloni ilikuwa mji wa ngazi tatu. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kila mmoja na mitaa yake, shule zake, hospitali zake. Mhindi alizuiwa kumiliki mashamba ya nyanda za juu yaliyotengewa Wazungu. Mwafrika alizuiwa mengi zaidi, na mwanamume alitakiwa kutembea na kipande ili aonyeshe ameajiriwa na nani. Katika mji kama huo Kiswahili kilikuwa lugha ya watu wote, lakini hakikuwa lugha ileile. Kile cha walowezi wataalamu hukiita Kisetla: vitenzi vya amri, majina bila ngeli, viunganishi vimetupwa. Leta. Pika. Ondoa. Wahindi nao walikuwa na chao, kilichojifunziwa dukani na jikoni.

Sasa tuvuke. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na wasiokuwa raia moja kwa moja wakapewa miaka miwili kuomba uraia. Wahindi wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, watu wakaanza kufunga maduka na kukata tiketi za ndege. Uingereza nayo ikaogopa. Machi 1968, baada ya siku chache tu bungeni, ilitunga sheria iliyowazuia wenye pasipoti zake yenyewe kuingia isipokuwa kwa vibali, na vibali hivyo mwanzoni vilikuwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Miaka minne baadaye, tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Wahindi wa Uganda, akawapa siku 90. Zaidi ya 27,000 walifika Uingereza, na wengi walipokewa kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Baraza la mji wa Leicester lilinunua tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, ila Leicester si mada yetu.

Hapa London walifuata jamaa. Wapunjabi wa Afrika Mashariki walielekea Southall, ambako Wapunjabi wa India walikuwa wamekwisha kukaa tangu miaka ya 1950 wakifanya kazi viwandani. Wagujarati walijaa Wembley na vitongoji vyake. Aliyekuwa na duka Kampala au Nakuru sasa alisimama mbele ya mashine. Mgomo wa kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, Willesden, kuanzia Agosti 1976, ulikuwa wa watu hao kwa sehemu kubwa, wanawake wakiwa mbele, na kiongozi wao, Jayaben Desai, alikuwa ameishi Tanganyika kabla ya kuja huku. Tunamtaja kwa sababu tulishazoea kuambiwa Wahindi wa Afrika Mashariki wote walifika na sanduku na kesho yake wakawa matajiri.

Wengine ndio waliofungua mikahawa. Mwaka 1975 familia ya Anand, iliyokuwa na hoteli iitwayo Brilliant mjini Nairobi, ilifungua Brilliant nyingine Southall. Mwaka 1980 watu wa ukoo huohuo wakafungua Madhu's, hapo hapo Southall. Wembley kuna Maru's Bhajia House, tangu miaka ya 1970, na jina lake linatosha kuanzisha vita: bajia zake ni viazi vilivyokatwa vyembamba, vikachovywa katika unga wa dengu wenye viungo, vikakaangwa. Mtu wa Nairobi atakwambia hiyo ndiyo bajia. Mtu wa Unguja atakwambia bajia ni ya kunde au ya dengu, na kile ni kiazi kilichovaa koti. Tulipiga kura: watatu kwa wawili, na hatusemi upande gani ulishinda.

Ile tofauti tuliyoomba muikumbuke ndiyo hii. Wembley ya Wagujarati, ambao wengi hawali nyama, ilibeba muhogo, viazi na bajia. Southall ya Wapunjabi ilibeba moto na nyama. Soma menyu ya Madhu's. Utaona Nyamah Choma. Utaona Machuzi Kuku. Utaona Boozi Bafu, na hapo mmoja wetu alicheka mpaka akaombwa atoke maktabani, kwa sababu alisoma bafu la kuogea. Ni nyama ya mbavu, na sisi tunaamini jina ni mbuzi mbavu, ingawa nyama yenyewe siku hizi ni ya mwanakondoo. Mbuzi alibaki Kenya.

Tulipeleka majina haya darasani tukitegemea kicheko. Mwalimu alichukua kalamu nyekundu. Si machuzi kuku, ni mchuzi wa kuku. Si mbuzi mbavu, ni mbavu za mbuzi. Hata nyama choma, ambayo Kenya nzima husema hivyo bila haya, yeye huitaka iwe nyama ya kuchoma. Kisha akanyamaza kidogo, akasema tuyasome tena kwa sauti, tukimfikiria mtu aliyesimama mlangoni mwa jiko akimwagiza mwingine. Kuku. Mbuzi, mbavu. Nyama, choma. Hatuna ushahidi kwamba majina hayo yalizaliwa hivyo, lakini tangu siku hiyo hatuwezi kuyasoma vingine.

Kilichotukera zaidi ni kwamba makosa yale tunayajua. Ni yetu. Insha zetu za mwaka wa kwanza zilirudi na wekundu uleule mahali palepale. Nasi Kiswahili tumekipata jikoni: njoo ule, osha vyombo, leta sahani, funga mlango baridi inaingia. Baadhi yetu tulifika chuoni tukiwa na amri zote za mama na hatuna hata sentensi moja ya kumjibu.

Mwezi wa Machi nyanya ya mwenzetu alikuja kutembea kutoka Mombasa, tukampeleka Ealing Road, kwenye duka dogo lenye meza nne. Nyuma ya kaunta alikuwapo bibi wa Kihindi, mzee kama yeye, na mjukuu wake kwenye mashine ya pesa. Nyanya aliagiza mogo kwa kuonyesha kidole. Yule bibi akamtazama ushungi, akamuuliza kwa Kiswahili anatoka wapi. Mombasa, Kuze. Na wewe? Mombasa, karibu na Makupa. Basi yakawa yao wawili. Walizungumza juu ya bei ya muhogo, feri ya Likoni, na watu waliokwisha kufa. Kiswahili cha bibi yule hakikuwa na ngeli hata moja, na nyanya alimwelewa kila neno, jambo ambalo sisi hatulipati kwake siku zote. Mjukuu wa kule na mjukuu wa huku walitazamana, kila mmoja akingoja mwenziwe amtafsirie.

Tulilipa, au tulijaribu, pesa ilikataliwa. Tulipofika kituoni nyanya alisema, bila kuulizwa, "Babangu alimpikia Mhindi miaka kumi na mmoja, pale Mombasa. Mchuzi wake wakiusifu hata kwa wageni. Mezani hakuwahi kukaa."

Mjukuu wake akamuuliza kama ana uchungu, kama tumekosea kumleta pale.

"Muhogo ulikuwa mzuri," akasema. "Ila chumvi yazidi, na ndimu sikuiona."

Wiki iliyofuata tulirudi watano. Tuliagiza sahani tatu tukaomba ndimu, kwa Kiswahili, kwa ukaidi tu. Mjukuu akauliza ndimu ni nini. Kabla hatujamjibu, sauti ilitoka jikoni ikamwambia ziko kwenye bakuli, rafu ya chini, na azikate nne nne.