Upasuaji wa kupooza kwa diaframu

Upasuaji wa kupooza kwa diaframu ni matibabu ya kurekebisha upumuaji wa mtu ambaye diaframu yake, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, imepooza kutokana na hitilafu ya neva. Neva inayoiendesha diaframu, iitwayo neva ya freniki, moja kila upande, huanzia shingoni (kwenye neva za uti wa mgongo C3 hadi C5) na kushuka kando ya moyo. Huweza kujeruhiwa kwa ajali au upasuaji wa shingo na moyo, au kubanwa na uvimbe. Upande wa diaframu uliopooza hupanda juu, na mgonjwa huishiwa pumzi, hasa anapolala chali.

Kwa kuwa baadhi ya neva hupona zenyewe, madaktari kwa kawaida husubiri miezi kadhaa kabla ya kupasua. Njia kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuikunja na kuishona diaframu iliyolegea ili ikazike na pafu lipate nafasi. Hata hivyo, msuli haurudishiwi uwezo wa kujikaza. Ya pili ni kuondoa makovu yanayobana neva, au kupandikiza kipande cha neva, mara nyingi kutoka mguuni. Neva huota upya takriban milimita 1 kwa siku, hivyo nafuu huchelewa. Ya tatu ni kupandikiza kifaa cha kusisimua diaframu kwa umeme, njia iliyoendelezwa na William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, tangu miaka ya 1960. Humfaa hasa aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo, mradi neva ya freniki yenyewe iwe hai, na huweza kumpunguzia utegemezi wa mashine ya kupumulia.