Upevu wa Moduli

Moduli ni kipande cha programu alichoandika mtu mmoja ili wengine wakichukue wasianze upya. Katika lugha changa ya programu moduli huota kama uyoga, na anayetaka kuitumia hujiuliza kwanza: hii inategemeka? Sifa hiyo inayotafutwa kwa Kiswahili tuiiteje?

Wengi watasema "utayari". Silipendi, kwa sababu lina hali mbili tu: chakula kiko tayari, au bado. "Ukomavu" linasikika vizuri kwenye siasa, lakini muulize mpishi: bamia iliyokomaa haitafuniki. Ziko moduli zilizokomaa namna hiyo hiyo, zina miaka mingi na mwenyewe alishazitupa.

Mimi nachagua "upevu", kwa ajili ya mnazi. Watu wa pwani wana kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Dafu ukilipeleka kwenye mbuzi umepoteza muda wako, ila mwenye kiu hana ugomvi nalo. La kuogopwa ni koroma: maji yake hayana tena utamu wa dafu, na nyama yake haijatosha kutoa tui. Kwa nje linafanana na nazi.

Tazama lugha ya Rust, iliyotoa toleo la 1.0 Mei 2015. Moduli zinazosambazwa kwa ajili yake huitwa kreti, kama zile za soda. Kwa kanuni ya kuhesabu matoleo, nambari inayoanza na sifuri ni onyo kwamba lolote laweza kubadilika wakati wowote. Anayesoma nambari peke yake atayakimbia madafu mazuri. Kreti ya libc, inayoiwezesha Rust kuongea na mfumo endeshi, iliingia 0.2 mwaka 2015 na ikakaa humo miaka na miaka, huku kreti nyingi mno zikiiegemea. Hyper, ya mawasiliano ya HTTP, ilifika 1.0 Novemba 2023, ilhali watu walikuwa wameshaitumia kazini kwa muda mrefu. Kuandika 1.0 ni kuahidi kutovunja programu za wenzako, na mwandishi makini huogopa kuahidi.

Ukimya nao hudanganya. Lazy_static haikutoa toleo lolote tangu 2019 hadi 2024, na iliendelea kufanya kazi. Kreti ndogo iliyokwisha kazi yake haina habari mpya ya kutangaza.

Basi fanya kama mkwezi, gonga kwanza. Soma maelezo yake, endesha majaribio yake, angalia kama wanaoripoti kasoro hujibiwa, kisha uliza unataka kunywa au kukuna. Maana kreti ile ile inayofaa kwa mchezo wa wikiendi haifai kushika hesabu za benki.

Nanyi mnaotunga kamusi za kompyuta, nawaomba muandike "upevu wa moduli", na katika mfano msilisahau koroma.