Kabla ya PDF 300 Kwenye Simu: Enzi Ambazo Kariakoo Kitabu Kimoja Kilikuwa na Foleni ya Watu

Fungua simu ya kijana yeyote wa mjini anayejiita msomaji, ingia kwenye mafaili ya WhatsApp. PDF zimejaa mpaka aibu. Kiyosaki yupo, Shigongo yupo, Musiba yupo kwenye skani iliyopigwa upande upande, na kuna vitabu vya biashara vyenye majina yanayofanana mpaka mwenye simu hajui kipi ni kipi. Pembeni kuna listi ndefu: vitabu vya kusoma mwaka huu. Listi inaongezeka kila wiki. Kinachopungua ni chaji.

Wajapani wana neno lao kabisa kwa hali hiyo, tsundoku, yaani kununua vitabu na kuvirundika bila kuvisoma, na wanalitumia tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe duniani si mgeni. Ila Kariakoo ulichelewa sana kufika, na sababu yake ni stori ambayo vijana wengi hawajawahi kusimuliwa. Kwa miaka mingi hapa mjini foleni ilikuwa imegeuzwa. Mtu hakuwa na foleni ya vitabu. Kitabu ndicho kilikuwa na foleni ya watu.

Anzia mbali kidogo. Jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita eneo likawa makazi ya Waafrika, likitenganishwa na Uhindini na uwanja wa Mnazi Mmoja. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ikaanzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la Kiswahili. Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda aliyekuwa akiishi hapa Dar, akatoa gazeti lake, Kwetu, la Mwafrika kwa ajili ya Waafrika. Waliojua kusoma walikuwa wachache, hivyo nakala moja ilikuwa na macho ya mmoja na masikio ya wengi. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kubishana. Hapo hakuna cha listi wala nini. Kilichopo ndicho kinachosomwa.

Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau, taasisi ya serikali za kikoloni iliyochapisha vitabu na pia kuviazimisha kwa njia ya posta na kwa masanduku yaliyosafirishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Hebu fikiria, unasubiri kitabu kama unavyosubiri mzigo wa China.

Halafu utamu ukaanza. Mwaka 1960 Mzanzibari Muhammed Said Abdulla akatoa Mzimu wa Watu wa Kale, mpelelezi wake anaitwa Bwana Msa. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo, na mji ukachizi na riwaya za upelelezi. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba kwenye Kufa na Kupona, jasusi wa Kiafrika, mtanashati, mpenda starehe, na risasi hazimpati. Baadaye Ben Mtobwa naye akaja na Joram Kiango. Ukitaka kuelewa ukubwa wa hawa jamaa, chukua msanii wa Bongo Fleva anayekusumbua sasa hivi, halafu muondolee YouTube, muondolee redio, na umpe karatasi tu. Bado walikuwa wanasumbua.

Wakati huohuo kukatokea jambo ambalo kwenye stori za riwaya husahaulika. Wasomaji walizaliwa kwa mkupuo. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Nchi ikaingia kwenye kampeni ya elimu ya watu wazima, baba na mama zima na daftari jioni, na ilipofika 1986 takwimu hizohizo zilisema waliobaki hawafiki asilimia 10. Mtu amejifunza kusoma akiwa na miaka 35. Anataka kusoma nini? Hawezi kurudia kitabu cha kilimo cha pamba mpaka kufa. Anamtaka Willy Gamba.

Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa amefungua jengo la Maktaba Kuu, lile la Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka Kariakoo ni mguu tu, unakatiza Mnazi Mmoja unafika. Maktaba ilikuja na kitu kimoja kidogo ambacho ukikifikiria ni kikubwa: muhuri wa tarehe. Unaondoka na kitabu, lakini ndani kimegongwa siku ya kukirudisha. Hakuna kuahirisha mpaka Januari.

Sasa angalia kilichofuata. Wasomaji wanaongezeka, karatasi inapungua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na ile East African Literature Bureau ikaenda nayo. Mwaka 1978 vita vya Kagera. Bei ya mafuta juu, fedha za kigeni hakuna, bidhaa madukani hakuna. Soko jipya la Kariakoo, lile alilolichora msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likawa linajulikana mji mzima, lakini hata sabuni ilikuwa ya kuvizia. Kitabu ndiyo kabisa.

Hapo ndipo vijana wa mjini walipofanya mambo. Waliandika wenyewe, wakatafuta wa kuwachapia, wakavizungusha wenyewe mitaani. Vitabu vyembamba, karatasi ya hovyo, jalada lenye mwanamke na bastola. Mwanahistoria Emily Callaci alifuatilia vitabu hivyo na kuwaandika wale vijana kwenye kitabu chake kilichotoka mwaka 2017. Maprofesa wa enzi zile wengi waliviona takataka. Haikuwa takataka. Ilikuwa Dar es Salaam inajiandika yenyewe, na wengi wa waliokuwa wanaisoma majina yao hayapo popote.

Hao wasio na majina ndio wenye somo kwa mtu mwenye PDF 300. Waulize wazee waliokuwa vijana miaka hiyo jinsi kitabu kilivyotembea. Aliyenunua ni mmoja. Akimaliza anampa jirani, jirani anampa fundi cherehani, fundi anampa shemeji yake, na kila mmoja anajua nani anafuata. Ukichelewa, mwenye zamu anakufuata kijiweni. "Umefika wapi?" Ukisema bado, anakwambia kesho jioni anakuja kukichukua, umemaliza hujamaliza. Usiku huo koroboi inaungua mpaka ukurasa wa mwisho. Kama ukurasa wa mwisho upo, maana kitabu kilichopita mikono 20 huwa hakina jalada na mara nyingine hakina mwisho. Hapo inabidi umtafute aliyekitangulia akusimulie muuaji ni nani.

Ndiyo, kulikuwa na ubaya wake. Foleni ilikuwa ya kujuana. Kama hukai kijiweni, kitabu hakikufikii, na kijiwe kilikuwa cha wanaume. Dada wa nyumbani alikipata kikiwa kimeshachoka, kama alikipata. Kuna vitabu pia vilivyofungiwa mlango: Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye ikaja kuwa kitabu cha kiada. Kila mtu anajua kitabu kikikatazwa huwa kinatokea nini.

Miaka ya 1990 magazeti binafsi yakafunguka, na kufikia miaka ya 2000 magazeti ya udaku ya Shigongo na wenzake yalikuwa yanauza hadithi za kuendelea kama mkate wa moto. Foleni ikabadilika sura. Sasa mji mzima ulikuwa unasubiri pamoja, wiki nzima, kwa sababu jamaa amekatisha stori mtu ameshika kitasa cha mlango. Hasira ilikuwa ya kweli. Lakini hakuna aliyelimbikiza. Huwezi kulimbikiza kitu ambacho hakijaandikwa bado.

Kisha simu janja. Hadithi zikahamia Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, zinazofuata unatuma hela kwa simu kwanza. PDF za vitabu vizima zikaanza kuzunguka kwenye magrupu bila hata shilingi. Na foleni ikageuka bila mtu kutangaza. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mitandao ikalipuka, kila mtu akamweka kwenye listi. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kigumu kikafa. Waliomaliza wajitokeze. Kimya.

Na kimya hicho kina gharama. Mwandishi wa PDF iliyosambazwa hapati hata hela ya bando, lakini angalau angepata wasomaji. Sasa anakosa vyote viwili. Nakala za zamani za Musiba na Mtobwa ni za kuwinda, na kila mmoja anatulia kwa sababu anaamini mwenzake anayo. Simu ikikwapuliwa pale Msimbazi na Congo, vitabu 300 vimeondoka mara moja na hakuna hata mtu mmoja wa kuja kugonga mlango akiuliza zamu yake.

Listi yenyewe haina kosa. Ilichokosa ni mtu wa pili. Ndiyo maana kuipunguza kwa kujipangia kurasa 20 kwa siku huwa kunakufa Jumatano. Jaribu njia ya Kariakoo ya zamani: kwenye kila kitabu cha listi yako andika jina la mtu atakayekipokea ukimaliza, na mwambie. Kisichopata jina, kifute, maana kama humjui hata mmoja wa kumpa, hukukitaka sana. Watu watatu mnunue nakala moja ya karatasi, mwandishi apate chake, wiki mbili mbili kila mmoja. Anayechelewa anunue chipsi.

Dondosha hapo chini jina la kitabu kimoja kilichokaa kwenye simu yako zaidi ya mwaka. Ukiona mwingine ametaja hichohicho, mfuate inbox, mpange nani anaanza.