Kaizari Jukwaani na katika Mafumbo

Jemadari wa Kirumi aliyeuawa na rafiki zake, na mwezi mmoja wa mwaka ukarithi jina lake: ni nani? Mwalimu wa Kiswahili wa Kimisagara, hapa Kigali, aweza kulitega fumbo hili darasani, na mwanafunzi akalitegua kwa kutazama kalenda. Mwezi ni Julai, na jemadari ni Julius Caesar, aliyeuawa mjini Roma tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K.

Jina hilo lilitufikia kwa njia nyingi. Waarabu walilitamka qaisar, nasi tukapata Kaisari wa Biblia ya Kiswahili. Wajerumani walilifanya cheo cha mfalme wao mkuu, Kaiser. Kigali yenyewe, iliyoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, ilianza chini ya bendera ya Kaiser, nayo ikabaki hivyo hadi mwaka 1916.

Kaizari mwenyewe alikuwa fundi wa mafumbo. Mwandishi wa kale Suetonius asimulia kwamba katika barua zake za siri kila herufi ilibadilishwa kwa ile ya tatu mbele yake: A ikawa D, B ikawa E. Kwa kanuni hiyo, neno SIMBA huwa VLPED. Zoezi hili huwafunza wanaoanza mpangilio wa alfabeti bila kuwachosha.

Lakini kumbukumbu yake kubwa imo katika tamthilia. Shakespeare aliiandika mwaka 1599, na Julius Nyerere akaitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo ilichapwa mwaka 1963, kisha ikasahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Wako waliodhani kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na kambi tu. Kazi ile ilikuwa jibu tosha.

Walimu watazame hasa sehemu ya tatu. Kaizari amekwisha kufa, na sasa wanaoshindana ni wasemaji. Brutus aeleza sababu zake kwa lugha ya nathari, na watu wanamkubali. Kisha Antony anawasifu wauaji kuwa watu wa heshima, analirudia neno hilo tena na tena mpaka maana yake inageuka kuwa shutuma. Umati unawaka moto. Njiani unakutana na mshairi Cinna, ambaye jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anajieleza kwamba yeye si yule. Hasikilizwi, anauawa kwa ajili ya jina.

Nchini Rwanda onyesho hilo halihitaji maelezo marefu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, maneno ya redioni yalitangulia mapanga na kwenda pamoja nayo, na watu waliuawa kwa yaliyoandikwa katika vitambulisho vyao.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Basi, walimu wenzangu, tusiwafundishe vijana ufasaha peke yake. Tuwafundishe pia kuuliza: msemaji huyu anatupeleka wapi, na nani ataumia? Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.

Na kwa zoezi la juma hili, wanafunzi waitumie kanuni ya Kaizari kutegua neno hili, kisha walijadili: KDNL.